Mkwe Aje Amalizie Zawadi Yake

Habari hii nilipewa na Shamimu, yule muuza vitambaa wa Mikumi, siku ya pili ya Idi, tukichambua mchele kwenye ungo mmoja. Mengi aliyaona kwa macho yake, na pale ambapo hakuwepo alisimuliwa na Magdalena mwenyewe, maana wale wawili ukuta wao ni mmoja na siri zao ni moja.

Jumatatu hiyo asubuhi Magdalena, ambaye Mikumi wanamwita Mama Lea, alifagia chumba cha mbele, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akaitandaza kasula juu ya meza taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Kasula ni lile vazi pana la juu analovaa padre akisoma Misa. Hii ilikuwa nyeupe, kitambaa chake kimechangwa na waumini wa Ruaha, na wa kuivaa alikuwa Shemasi Fortunatus, mtoto wao wa kwanza kufika kwenye upadre. Jumamosi angepewa daraja ya upadre Morogoro, na Jumapili angekuja kusoma Misa ya shukrani nyumbani kwao. Upande wa mbele ulikuwa tayari: miwa ya kijani imepanda kutoka pindoni, majani yake yamepinda kuelekea mabegani. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe bado. Majani yaleyale yalitakiwa yavuke mabega, yashuke, yakutane katikati ya mgongo yafanye msalaba.

Mchoro aliutunga mwenyewe tangu Kwaresima, jani kwa jani, kwenye kompyuta yake. Mashine ya kudarizi huifuata kompyuta: waya unatoka huku unaingia kule, na sindano inakwenda pale inapoambiwa. Kompyuta ikinyamaza, mashine inabaki meza ya chuma tu.

Akawasha. Kioo kikawa cha bluu, na katikati yake kiuso kimenuna, na chini maandishi meupe ya Kizungu.

"Emanueli! Njoo uone."

Mumewe aliingia na mswaki mdomoni. Emanueli alikuwa dereva wa lori la miwa mpaka mgongo ulipokataa, na kila chombo kilichogoma alikipima kwa lori.

"Zima, uwashe."

"Nimezima, nimewasha."

"Basi iache ipoe."

Wakaiacha ipoe, wakanywa chai. Ilipowashwa tena, kiuso kilikuwa palepale, kimenuna vilevile.

"Jana ilikuwa nzima," alisema Magdalena.

"Jana aliishika nani?"

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja jina.

Jana alikuja Theodory, mume wa binti yao Lea. Anafundisha fizikia sekondari, huko Kilosa. Watu huja ukweni na sukari na mchele. Theodory alikuja na sukari na mchele, halafu akaongeza bando la intaneti. Akiwa anasubiri chakula alimwambia baba mkwe wake kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Baba, kompyuta ya mama ina vitu vingi vya zamani. Nina bando kubwa linaisha leo. Niruhusu niisasishe yote, iwe nyepesi, amalize kazi ya Padre kwa raha." Magdalena alisikia huko jikoni, moyo ukamjaa. Mkwe wa nani mwingine analeta zawadi ya namna hiyo? Kijana alikaa pale hadi pilau ikaiva, na baada ya kula akarudi tena. Mwishoni kompyuta ikaomba izimwe na kuwashwa upya, lakini basi la Kilosa lilishapiga honi barabarani, Lea naye anamvuta mkono, akaifunika, wakakimbia.

"Mpigie," alisema Emanueli.

"Nimpigie nani?"

"Theodory. Si ndiye aliyeigusa?"

"Nimpigie mkwe wangu nimwambie ulichonipa kimeniua?"

"Basi nitampigia mimi."

"Ukimpigia wewe ni mimi nimekutuma. Ataona haya hata kuja Krismasi. Na Lea atakaa vipi kule, kila akimtazama mumewe anaona kompyuta ya mama yake? Acha, Emanueli. Nitaipeleka kwa Mwinshehe."

Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawaketi jamvi moja. Hawatazamani usoni, na likiwepo neno la kuambizana linapita kwa Lea au kwa Emanueli. Hakuna ugomvi ndani yake. Ni heshima, na heshima hiyo Magdalena aliilinda kuliko vyombo vyake vya kabatini.

Akaifunga kompyuta kwenye kanga, akatoka.


Mwinshehe ana kibanda karibu na stendi. Anatengeneza simu, redio, kompyuta, na siku soko likiwa baya anachaji simu za madereva wa malori. Ni kijana mwenye adabu na mikono safi.

"Shikamoo, Mama Lea."

"Marahaba, baba. Nina mgonjwa."

Aliifungua, akaiwasha, akatikisa kichwa kidogo kama wafanyavyo mafundi wote kabla ya kusema. "Hii tunapiga windo upya, mama, tunaiwekea mfumo mpya wote. Kesho asubuhi unaichukua kama ya dukani."

"Michoro yangu inabaki?"

"Hiyo inaondoka. Lakini kompyuta inapona."

"Mwinshehe. Mtu akikuletea mjamzito, utamwambia mama atapona lakini mtoto tumtupe?"

Madereva waliokuwa wanasubiri simu zao wakacheka. Mwinshehe naye akacheka, akatoa flashi yake ya kazi, akaichomeka. "Sawa. Tujaribu kuingilia mlango wa nyuma." Akabonyeza hapa na pale. Kikatokea kisanduku kitupu, akakikodolea macho, uso ukamgeuka.

"Hapa ndipo inapotakiwa kuonekana diski. Diski ndiyo ghala, kila kitu chako kimo humo. Sasa tazama, mama. Patupu. Haioni ghala kabisa."

"Maana yake?"

"Subiri kwanza. Kuna mtu aliigusa? Aliweka kitu, alisasisha kitu?"

Magdalena alitazama barabarani. Malori yalikuwa yanapita kuelekea Iringa, na kila moja likipita vioo vya kibanda vinatetemeka. Madereva wawili walikuwa wamegeuka kusikiliza. Mmoja alimjua, alikuwa anapeleka mizigo Kilosa kila wiki.

"Hakuna," alisema. "Naishika mwenyewe."

"Basi imekufa yenyewe. Diski zinakufa, mama, kama balbu. Ningeitoa niisome kwa kompyuta nyingine, lakini ni hizi ndogo kama kipande cha biskuti, chombo chake sina. Kukiagiza Dar, Jumapili itakuwa imeshapita."

Alirudi kwa miguu, mgonjwa wake kwenye kanga. Wanawake wawili wa jumuiya walimsalimia, wakamwuliza kasula imefikia wapi. "Inakwenda vizuri," aliwajibu, na alitembea wima mpaka alipopita kona.


Jumatano alikuja Stefano, katibu wa kamati ya sherehe. Hakupiga hodi vizuri. Alisema hodi akiwa ameshaingia. Shamimu alikuwepo, ameleta nyuzi za kijani, akabaki amekaa na nyuzi zake mapajani.

"Mama Lea, Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu kiti."

"Sikai sana." Lakini alikaa, akaitazama kasula mezani, akaigeuza kwa kidole kimoja kama anayekagua samaki. "Nyuma mbona nyeupe?"

"Nyuma bado."

"Bado ya kuanza au bado ya kumaliza?"

"Bado, Bwana Stefano."

Alivua kofia, akaiweka gotini. "Unajua, mama, sitaki kusema tulisema. Lakini tulisema. Kwenye kikao mimi nilisimama nikasema kazi hii waachiwe masista wa Morogoro, wana mazoea nayo. Watu wakapiga makofi, ooh, tunaye fundi wetu, ooh, tujivunie chetu. Haya." Akaigeuza tena. "Na hii miwa. Kila padre anavaa ngano na zabibu. Wewe ukaleta miwa. Kwani Bwana Yesu alilima miwa?"

"Mama yake Fortunatus ndiye aliyekata miwa," alisema Magdalena. "Mtoto amesoma kwa panga la mama yake. Ngano Ruaha imeota lini?"

Shamimu aliinamia nyuzi zake ili asionekane anacheka.

"Mashine iko wapi? Mbona imefunikwa?"

"Inapumzika."

"Ijumaa mchana nakuja," alisema Stefano akisimama. "Ikiwa imekwisha, Mungu asifiwe. Ikiwa haijaisha, naichukua hivi hivi ilivyo, kuna gari linakwenda Morogoro, wakaiwekee msalaba wowote nyuma, hata wa kubandika. Padre hawezi kupanda altareni na mgongo mtupu."

Alipotoka Magdalena alikaa kwenye kiti cha mashine, akashika kitambaa cha nyuma. Msalaba wa kubandika. Mbele miwa yake inapanda mpaka mabegani, halafu inakatika kama shamba lililochomwa, na nyuma msalaba wa watu wengine.

"Sasa niambie mimi," alisema Shamimu. "Huyo mashine anayepumzika anaumwa nini?"

Akaambiwa yote. Kiuso, zawadi ya Theodory, basi lililopiga honi, kisanduku kitupu, na lile neno kibandani.

"Kwa hiyo Mwinshehe alikuuliza kama kuna mtu aliigusa."

"Ndiyo."

"Ukamwambia hakuna."

"Ningemtaja mkwe wangu stendi, mbele ya madereva? Kesho Kilosa nzima inajua mwalimu Theodory kaua kompyuta ya mama mkwe wake."

"Magdalena, umekwenda kwa daktari, daktari kakuuliza umekula nini, umemwambia sijala. Akupe dawa gani?"

"Wewe unamlinda asione haya leo," aliendelea Shamimu. "Jumapili atakuja hapa na suti yake, aone kasula imeshonewa kiraka, aulize kulikoni. Mtamjibu nini? Hiyo haya ataibeba mpaka wajukuu zako waoe."


Alasiri hiyo Magdalena alifunga mlango wa chumbani, akakaa kitandani na simu. Namba ya Theodory aliiweka siku ya posa, ili tu iwepo. Hajawahi kuipiga. Kwanza alifikiri ampigie Lea, Lea amwambie mumewe. Akamwona Lea katika mawazo yake, mtoto mkali yule, akianza kwa "umemfanyia nini mama yangu?" Akaiacha namba ya Lea. Akabonyeza ile nyingine, akageukia ukutani, kana kwamba mkwe angemwona.

"Haloo? Shikamoo mama!" Sauti ya Theodory ilipanda kwa hofu. "Mama, kuna msiba?"

"Marahaba, baba. Hakuna msiba. Hamjambo wote?"

"Hatujambo, mama. Baba mzima?"

"Mzima. Mvua huko?"

"Manyunyu tu, mama." Kijana alisubiri. Alijua mama mkwe hapigi simu kuuliza manyunyu.

"Baba, nimekupigia kuhusu ile zawadi yako," alisema Magdalena. "Imenizidi nguvu. Nimeiwasha inaleta rangi ya bluu, haitaki kuendelea. Sasa mimi naona zawadi yenyewe haijaisha, basi lilikuharakisha. Nakuomba uje umalizie zawadi yako."

Ikaja sauti ndogo: "Mama. Nimekuharibia."

"Sijasema umeharibu. Nimesema haijaisha."

"Inaandika kwamba haioni diski?"

Magdalena alisimama wima kando ya kitanda. "Umejuaje?"

"Mama, nilisasisha na draiva ya diski, ile programu ndogo ya kuisomea. Nilijua ile ni ya kuachwa, lakini niliona bando lipo, nikasema isibaki hata moja. Usimruhusu mtu apige windo. Tafadhali mama. Usiruhusu."

"Nimekataa tangu Jumatatu."

"Umekataa?" Akacheka kama mtu aliyenusurika kugongwa. "Nakuja kesho."


Alhamisi alifika na basi la asubuhi, matope mpaka magotini, flashi mbili mfukoni. Emanueli alikwenda kumwita Mwinshehe, kwa maana Theodory mwenyewe ndiye aliyeomba, alihitaji ile flashi yake ya kazi. Vijana wawili wakakaa mezani, kompyuta katikati. Shamimu alifunga duka lake kabisa. Emanueli akachukua kiti cha mlangoni kama mwenye gari anayesimamia mafundi.

Magdalena yeye alikaa chumbani nyuma ya pazia. Kiti chake alikisogeza mpaka goti likagusa kitambaa, lakini hakuvuka.

"Kaka, mimi flashi yangu haikuona kitu," alisema Mwinshehe. "Nikajua diski imekufa."

"Haijafa. Ni mimi. Nilibadilisha draiva ya diski. Fikiria ghala: nimebadilisha kufuli, mlinzi hana ufunguo mpya, amekaa nje anasema hakuna ghala. Na mlinzi wa flashi yako naye hajawahi kupewa ufunguo wowote wa ghala hili, naye anasema hakuna. Nimekuja na ufunguo wa zamani, nimeupakua jana kwenye ukurasa wa hao waliotengeneza hii kompyuta."

Mwinshehe aliweka mikono kichwani. "Sasa mbona mama nilimwuliza kama kuna mtu aliigusa, akasema hakuna?"

Theodory alitazama mikono yake. Emanueli akakohoa, akaona dari ina jambo la kutazamwa.

"Uliniuliza, na nilisema hakuna," ikajibu sauti ya nyuma ya pazia, tulivu. "Mkwe wangu si mtu wa kutajwa kibandani. Endeleeni na kazi."

Shamimu anasema masikio ya Theodory ndiyo yaliyobadilika rangi.

Wakaendelea. Flashi ya Mwinshehe ikafungua ule mlango wa nyuma, ya Theodory ikapeleka ufunguo wa zamani. Kisanduku kilikuwa kitupu bado. Theodory akabonyeza. Kikajaa.

"Ghala hilo!" Mwinshehe alipiga meza. "Mama Lea, ghala limeonekana!"

"Michoro je?"

"Subiri, mama," alisema Theodory, kisha akakumbuka anayesema naye ni nani, akageukia mlangoni. "Baba, mwambie mama asubiri kidogo."

"Anasema usubiri," alisema Emanueli.

"Nimesikia. Mwambie nasubiri."

"Anasubiri."

"Yesu na Maria," alisema Shamimu, ambaye ni Mwislamu, na wote wakacheka mpaka pazia likatikisika.

Kuondoa draiva mpya haikuwa rahisi. Mara ya kwanza kompyuta iliwaka ikarudi kwenye bluu, na kile kiuso, na Theodory akasema neno ambalo hasemi darasani. Alikuwa amekosea jina la faili. Mwinshehe ndiye aliyeliona kosa, akaweka kidole kwenye kioo, "hapa kaka, umeruka namba." Wakarudia tangu mwanzo. Emanueli akauliza kama isingekuwa vizuri kuiacha ipoe. Wakachomoa flashi zote. Theodory akawasha, akafumba macho.

Weusi. Weusi tena, wa kukatisha tamaa. Halafu vinukta vikaanza kuzunguka, vikazunguka, na pakatokea ile picha ya Lea akiwa na joho la mahafali ambayo mama yake aliiweka mbele ya kila kitu, na chini yake kisanduku kidogo.

"Imeamka!" alisema Theodory. "Mama, imeamka! Inataka neno la siri."

Nyuma ya pazia kiti kilisogea, kikarudi.

"Mama? Neno la siri."

"Njoo uandike mwenyewe, Mama Lea," alisema Mwinshehe.

Kwenda kuandika ni kupenya katikati ya meza na mkwe, bega kwa bega. Na kulisema ni kujisifu mbele yake. Magdalena alikunja kona ya kanga yake, akaikunjua.

"Andikeni," alisema mwisho. "Herufi ndogo zote, bila nafasi: mimi ndiye fundi."

Vidole vya Theodory vilisimama hewani. Kisha akaandika, taratibu, kama mtu anayeandika jina la mkubwa wake. Mwinshehe alikuwa amejishika mbavu.

"Na mimi je, mama? Mimi ni nani?"

"Wewe ni fundi wa simu, baba. Kila mtu na mlango wake."

Michoro ilikuwepo yote. Theodory aliikuta kwenye faili lake, jani kwa jani, na kabla hajagusa kitu kingine aliinakili kwenye flashi, akaizuia kompyuta isijisasishe draiva ile tena, akaisukuma flashi chini ya pazia kwa kidole. Mkono wa upande wa pili ukaichukua.


Mashine ilianza kazi Alhamisi hiyohiyo baada ya chakula. Sasa Magdalena alikuwa kitini, na Theodory ndiye aliyerudi nyuma mpaka mlangoni, akasimama nusu ndani nusu nje, uso kautazamisha barabarani, sikio likiwa ndani. Hapo penye bega ndipo palipokuwa na kazi. Jani la mbele limekuja mpaka mshono, na la nyuma lazima lianzie hapo hapo, unywele ukipishana tu litaonekana limevunjika. Magdalena alibandua kitambaa kwenye fremu, akakibana upya, akabandua tena. Emanueli akasema tayari iko sawa. Hakumsikiliza. Alipima kwa ncha ya kidole chake, akafumba jicho moja, akasogeza kidogo mno hata Shamimu hakuona alichosogeza.

Akabonyeza. Sindano ikashuka, ikatafuna, na jani likavuka bega kana kwamba mshono haukuwepo.

Theodory alisahau barabara. Aligeuka akatazama wazi wazi, mdomo wazi. "Ameyapangaje yale?" alimnong'oneza baba mkwe wake. "Mimi nilidhani kompyuta ndiyo inayofanya."

"Kompyuta ni lori tu," alisema Emanueli. "Dereva ndiye huyo."

Ijumaa mchana Stefano alipokuja na mfuko wake wa nailoni, kasula ilikuwa imetundikwa ukutani, mgongo umetazama mlango. Alisimama. Alisogea, akarudi nyuma, akatoa miwani. Miwa ilikuwa imeshuka kutoka mabegani, majani yamekutana katikati, na pale yalipokutana ulikuwepo msalaba, ila ulikuwa wa majani, kama vile umeota wenyewe shambani.

"Iliisha lini?"

"Iliisha," alisema Magdalena. Akatoa shuka safi, akaikunja kasula ndani yake. "Na mfuko wa nailoni hauingii. Itakwenda hivi."

Stefano aliukunja mfuko wake, akautia mfukoni.


Jumapili Ruaha kanisa halikutosha, watu walijaa hadi uwanjani. Maandamano yalipoingia, watu waliona kwanza miwa ya mbele, wakaguna kwa mshangao. Padre Fortunatus akapita katikati yao, na kila safu aliyoipita ikageuza shingo kufuata mgongo wake. Mama yake alikuwa safu ya mbele, kitenge kipya, mikono imefungana mapajani, mikono ya mkata miwa, imechanjwa na majani mpaka hakuna kidole kisicho na alama. Mwanawe alipofika mbele yake na kupiga goti altareni, mgongo wote ukawa usoni pake. Alinyanyuka. Hakushangilia, hakupiga kigelegele. Alinyosha kidole, akayafuata yale majani hewani, jani kwa jani, kutoka begani mpaka penye msalaba, halafu akautazama mkono wake mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele kwa niaba yake.

Kwenye matangazo Stefano alishika kipaza sauti. Alisoma waliochanga, alisoma wageni, halafu akavua miwani. "Na kasula mnayoiona haikutoka Morogoro wala Dar. Imetoka Mikumi, hapa hapa kwetu, kwa fundi wetu. Mama Lea, simama watu wakuone." Magdalena alisimama, akanyosha blauzi yake. Hakuinamisha kichwa. Nyuma yake alimsikia Theodory, katika suti yake, akimwambia jirani asiyemwuliza: "Yule ni mama mkwe wangu mimi."

Walirudi Mikumi mapema, wamebeba chakula cha sherehe. Magdalena alitandika jamvi moja tu, akaweka sinia moja. Lea aliona, akamtazama baba yake. Emanueli akatikisa kichwa: mwache.

"Theodory," alisema Magdalena. "Sogea, baba. Zawadi imekwisha sasa, na aliyemaliza kazi hali chakula mlangoni."

Kijana alivua viatu, akaketi pembeni kabisa mwa jamvi, kama ndege kwenye ukingo wa paa. Magdalena alimpakulia kwa mkono wake mwenyewe, akamtazama usoni. Hakuwahi kumtazama. Alikuwa na kovu dogo juu ya unyusi wa kushoto.

"Hilo ulilipata wapi?"

"Nilianguka kwenye baiskeli, mama. Nikiwa mdogo."

"Ulikuwa una haraka."

"Nilikuwa na haraka, mama."

"Naona," alisema, akamwongezea nyama.

Baada ya kula joto likawashinda. Emanueli alilala kwanza, kitini, kichwa kimeegemea ukuta. Lea akalala kitandani kwa mama yake kama alivyokuwa akilala zamani. Theodory alisema anafumba macho kidogo tu, akalala palepale jamvini na suruali ya suti. Magdalena alitoa vyombo, akamfunika mkwe wake miguu kwa kanga, akaenda kwenye mashine. Aliiwasha kompyuta, ili tu aione ikiamka. Ikaamka, Lea na joho lake, na kisanduku kinachoomba neno. Akaliandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, akalisoma midomoni bila sauti. Kisha akaizima vizuri, akaifungia flashi kwenye pindo la kanga yake kiunoni, akajilaza kwenye mkeka karibu na mashine, mkono mmoja umeshika lile fundo, na usingizi ukamchukua.